Mtoto Asiyeweza Kukataa Nyumbani, Atakataa Wapi?



Sisi makatekista hatukosi kulisikia lalamiko hili kila mwaka watoto wanapojiandaa kwa Kipaimara: "Mtoto wetu alikuwa mwema, ni marafiki waliomharibu." Baba husema hivyo, mama huitikia, na wote wawili hurudi nyumbani wakiwa wametulia kidogo kwa sababu mwenye lawama amepatikana. Lakini ukikutana na wazazi wa hao marafiki, nao watakuambia maneno yayo hayo juu ya mtoto wa wale wa kwanza. Basi aliyeanza kuharibu ni nani?

Swali hili si geni katika Kanisa. Mtakatifu Agostino alikulia Tagaste, mji ulioko katika nchi ambayo leo ni Algeria. Alipokuwa na umri wa miaka 16 alikaa nyumbani bila masomo, kwa kuwa baba yake alikuwa bado anatafuta fedha za kumpeleka Karthago. Usiku mmoja yeye na wenzake walikwenda kuutikisa mti wa mtu, wakaiba mapeasi, wakaonja machache na mengine wakawatupia nguruwe. Hawakuwa na njaa, na Agostino mwenyewe alikuwa na mapeasi mengi yaliyo bora kuliko hayo. Miaka mingi baadaye, akiwa askofu, aliandika katika kitabu chake cha Maungamo kwamba peke yake asingeiba kamwe. Anaeleza pia kwamba siku hizo aliona haya kuonekana msafi kuliko wenzake, hata akajisingizia makosa ambayo hakuyatenda ili wasimdharau. Mzazi aliye na kijana wa miaka 16 nyumbani aisome habari hiyo polepole.

Hata hivyo Agostino hawatupii wenzake dhambi yake. Anajiuliza ni kitu gani moyoni mwake kilichokubali. Kundi lilimpa ujasiri, likamwondolea haya, lakini mkono uliotikisa mti ulikuwa wake.

Nasi hapa Kenya tuna jambo ambalo hatupaswi kulisahau. Mnamo Julai 1991, katika shule ya sekondari ya St. Kizito kule Meru, wasichana walikataa kujiunga na mgomo wa wavulana. Usiku wavulana waliwavamia katika bweni. Wasichana 19 walikufa, na wengi wengine walinajisiwa. Jiulize ni wangapi kati ya wavulana wale wangetoka kitandani peke yao kwenda kutenda jambo kama lile. Kila mmoja alikuwa mtoto wa mtu.

Habari hiyo inatufundisha jambo la pili pia. Tunapenda kuwaambia vijana wetu, "Wewe kataa tu!" kana kwamba kukataa ni bure. Si bure. Mara nyingi kijana anayekataa huchekwa, huitwa mtoto wa mama, huondolewa katika kundi la simu, hukaa peke yake wakati wa chakula, na mara nyingine hupigwa. Ukimficha gharama hiyo, siku atakapoikuta atadhani wewe hukujua lolote, wala hatakuuliza tena.

Jina la shule ile ni la mtoto aliyeijua gharama hiyo. Mtakatifu Kizito alikuwa na miaka 14 hivi alipochomwa moto Namugongo, Uganda, tarehe 3 Juni 1886, pamoja na vijana wenzake waliotumikia katika ikulu ya Kabaka Mwanga. Mapokeo yanasema aliogopa, na kwamba Karoli Lwanga aliahidi kumshika mkono. Lile nalo lilikuwa kundi la marika. Tusiwafundishe watoto wetu kuogopa kila kundi, kwa maana kijana asiye na rafiki hata mmoja wa kusimama naye huanguka upesi.

Kati ya vijana hao kuna mmoja ambaye sisi wazazi hatumtaji sana, labda kwa sababu habari yake inatugusa. Ni Mbaga Tuzinde. Mukajanga, mkuu wa wauaji wa Kabaka, ndiye aliyekuwa amemlea. Alimsihi akane imani yake, au walau akubali kufichwa, apate kuishi. Kijana alikataa. Kanisa lilimtangaza mtakatifu pamoja na wenzake mwaka 1964, yeye ambaye hakumtii aliyemlea.

Hapo ndipo penye shida yetu, wapendwa. Tunataka mtoto anayetii kila neno nyumbani na anayekataa kila neno baya nje. Je, hayo mawili yanakaa pamoja? Mtoto aliyefundishwa kutii tu, bila kuonyeshwa sababu, amejifunza kumfuata yule aliye karibu na mwenye sauti kubwa. Akiwa nyumbani, huyo ni baba. Akiwa bwenini, ni yule kijana mwenye bangi mfukoni. Mtoto hajabadilika, isipokuwa aliye karibu naye ndiye mwingine.

Chukua mfano wa kila siku. Mtu anayekudai amebisha mlangoni, nawe unamnong'oneza mtoto, "Mwambie baba hayuko." Mtoto anasimama tu. Anasema, "Baba, lakini uko." Utafanya nini? Ukimpiga, umempiga kwa sababu amekataa kusema uongo. Juma lijalo wenzake watamwomba amdanganye mwalimu kwa ajili yao, naye atakuwa amekwisha kujifunza nyumbani kwamba anayekataa uongo hupigwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2217, inafundisha wazi kwamba mtoto anapaswa kuwatii wazazi, lakini akisadiki katika dhamiri kwamba agizo fulani ni ovu, asilitii.

Najua baadhi yenu mnasema, "Katekista, sasa unatuletea ukaidi nyumbani." La hasha. Ukaidi na dhamiri si vitu vigumu kutenganisha. Mwenye ukaidi hukataa ili apate nafuu: hataki kwenda kuteka maji kwa sababu anatazama mpira. Mwenye dhamiri kwa kawaida hukataa na kuumia, kama yule mtoto mlangoni aliyejua fimbo iko wapi. Wa kwanza apelekwe mtoni mara moja bila mjadala. Wa pili asikilizwe, na baba atoke mwenyewe akaongee na mdai wake.

Sasa niwaulize ninyi wawili. Katika nyumba yenu, ni nani anayeruhusiwa kukataa? Mke akisema, "Baba Fulani, mkopo huo sikubaliani nao," hupokewaje? Mume akisema hana mchango wa harusi ya tatu mwezi huu, mke humwachia, au humkumbusha kwamba jirani ametoa zaidi? Watoto husikia hayo yote wakiwa wanaosha vyombo. Neno wanalolisikia kuliko Amri Kumi katika nyumba nyingi ni hili: "Watu watasema nini?" Kwa ajili yake tumenunua viti ambavyo hatukuvihitaji, tumefanya karamu kwa deni, na mume ameketi baa hadi usiku siku ya mshahara kwa kuogopa kuitwa mtu wa kukaliwa na mke. Kisha kijana anapoomba viatu kama vya wenzake, tunamkemea kwamba anafuata mkumbo! Ameurithi.

Mume anayesikia "hapana" ya mke wake mbele ya watoto na kuitafakari bila hasira amewapa watoto somo ambalo mimi darasani siwezi kulitoa.

Kuna mambo mawili ya kufanya ambayo nimeona yakisaidia. La kwanza, fungulieni marafiki zake mlango. Waje, wale ugali kwenu, mjue majina yao na jinsi wanavyozungumza. Kijana mwenye rafiki mmoja mwema anayeijua meza yenu ana mkono wa kushika. La pili, mpatie kijana sababu ya kuondoka. Mkubaliane neno fulani ambalo akilisema kwa simu, hata saa sita ya usiku, mmoja wenu ataondoka kwenda kumchukua, wala hataulizwa maswali usiku huo. Maswali yatangoja asubuhi. Mruhusuni pia awaambie wenzake, "Baba yangu ni mkali, hatakubali." Wengine wananiuliza kama huo si uongo. Si uongo ikiwa kweli baba hatakubali, basi baba afanye iwe kweli.

Lakini mzungumze ninyi kwanza, mlango ukiwa umefungwa. Nyumba nyingi huharibikia hapo: mama anajua kijana amelewa lakini anamficha baba, au baba anacheka kwamba hata yeye alipokuwa kijana alionja. Ndivyo ilivyokuwa kwa Agostino. Mama yake, Mtakatifu Monika, alimwonya faraghani juu ya usafi wa mwili, akiwa na wasiwasi mkubwa. Baba yake Patrisi hakujali jambo hilo, alijali masomo ya kumpatia mwanawe sifa. Kijana aliyaona maonyo ya mama kuwa maneno ya wanawake tu, akaona haya kuyafuata. Kwa hiyo mkiisha kukubaliana, mwiteni mtoto mkiwa mmeketi wote wawili, na siku hiyo baba ndiye aanze kusema.