Uzi Uliouanzisha, Umalize Mwenyewe

Wanangu mnaoandika Java, nawaona mkiamini kuwa mzoa taka wa lugha hiyo (garbage collector) atabeba kila mnachokitupa. Hatabeba. Yeye huanzia kwenye mizizi ya programu, akafuata marejeo, na chochote anachokifikia kwa njia hiyo hakizoi. Uzi (thread) unaofanya kazi ni mmojawapo wa mizizi hiyo. Futa kila kigeu kinachoutaja, uzi utaendelea vilevile, na vyote uzi huo ulivyovishika navyo vitakaa kwenye kumbukumbu. Uzi ambao haujaanzishwa huzolewa kama kitu kingine chochote, na uliokwisha kazi pia. Hapo katikati ni dhamana yenu.

Maana uzi haufi kwa kusahauliwa. Hufa kazi yake inapofika mwisho, au kosa lisilodakwa linapoukatiza.

Msiukate kwa nguvu. Amri ya stop haipendekezwi tangu Java 1.2, mwaka 1998, kwa kuwa ilifungua kufuli zote ghafla na kuziacha data zimebadilishwa nusu. Kuanzia Java 20, mwaka 2023, ukiiita inakurushia kosa tu. Njia ya adabu ni interrupt. Hiyo haiui, inaomba: huweka alama, na kama uzi umelala au unasubiri, huuamsha kwa InterruptedException. Hapa ndipo mnaponiumiza. Mnalidaka kosa hilo halafu mnaacha mabano matupu! Likirushwa, alama huwa imeshafutwa. Mkilimeza, ombi limepotea na mzunguko wa kazi unaendelea kana kwamba hakuna aliyesema neno. Tokeni kwenye kazi, au irudisheni alama ili aliyewaita aione.

Kwenye seva kuna hatari nyingine. Kule nyuzi hukaa kikundi, na uzi mmoja huhudumia maombi mengi bila kufa. Ulichokiweka kwenye hifadhi ya uzi iitwayo ThreadLocal wakati wa ombi la mteja wa kwanza kinaweza kumkuta wa pili, naye akasoma taarifa za mwenzake. Kwangu hilo ni baya kuliko kumbukumbu kujaa, kwa sababu ni siri ya mtu. Iteni remove ndani ya finally, kila mara. Kikundi chenyewe nacho kifungeni kwa shutdown kazi zikiisha.

Na kila uzi upeni jina linaloeleweka, ili atakayeamshwa usiku seva imelemewa, akifungua orodha ya nyuzi inayotolewa na jstack, ajue uzi upi ni wa kazi gani.