Nguo Isiyovaliwa ni ya Nani?

Katika nyumba zetu hakuna kitu kinachojua siri nyingi kama kabati la nguo. Sebule huandaliwa kwa ajili ya wageni, na jiko husema tunachokula. Lakini kabati husema tulivyokuwa, tulivyotaka kuwa, na tunavyoogopa kuwa. Ndani yake mna suruali ya ujana ambayo kiuno chake kimekwisha kutukimbia, gauni la harusi ya ndugu lililovaliwa siku moja tu, koti zito la mtu aliyewahi kusafiri nchi ya baridi na asiyetarajia kwenda tena, na shati lililonunuliwa kwa sababu lilikuwa rahisi, si kwa sababu lilihitajika. Msomaji na afungue lake, ahesabu nguo alizozivaa tangu mvua za masika zilizopita. Nyingi zitabaki bila kuhesabiwa.

Wengi hudhani kwamba kupunguza nguo ni kazi ya usafi tu, kama kufagia uwanja au kuondoa utando wa buibui. Mimi naiona kuwa ni kazi ya maadili, kwa sababu ndani yake yamo maswali mawili ambayo mtu hawezi kuyakwepa. La kwanza: nguo niliyoinunua kwa fedha yangu, nami siivai wala sitaivaa, ni yangu kwa kiasi gani? La pili: nikiitoa, nimetoa au nimetupa?

Tuanze na la kwanza. Wahenga walisema akiba haiozi, na katika nchi yetu msemo huo una historia. Miaka ya mwisho ya 1970 na ya mwanzo ya 1980, baada ya vita na majeshi ya Idi Amin na baada ya bei ya mafuta kupanda duniani, bidhaa zilikuwa adimu Tanzania. Watu walipanga foleni kwa ajili ya sabuni, sukari na kitambaa. Aliyebahatika kupata mita chache za kitambaa alishonea watoto wote sare moja, na mabaki akayaweka kwa ajili ya viraka. Masharti ya kuingiza bidhaa yalilegezwa mwaka 1984, na baada ya hapo mitumba ikajaa masokoni. Lakini mkono uliofundishwa na dhiki hausahau upesi. Wazee wengi wanaokataa kutoa hata soksi iliyopoteza mwenzake hawana uchoyo, wanakumbuka. Anayewacheka hajui walikotoka.

Hata hivyo, nguo si fedha ya benki. Akiba ya nguo huoza. Nondo huitoboa, panya huitafuna, na unyevu wa pwani huiotesha kawa ambayo hakuna sabuni itakayoitoa. Mpira wa kiunoni hulegea hata kama haujavaliwa, na rangi hupauka kwenye mikunjo. Nguo ina umri wake, nao huliwa ama na mwili wa mtu ama na giza la kabati. Mwanafalsafa wa Uingereza John Locke, katika kitabu chake kinachobeba mwaka 1690, alijenga hoja kwamba mtu ana haki ya kujitwalia kile anachoweza kukitumia kabla hakijaharibika. Kinachozidi hapo ni cha wengine. Zaidi ya miaka elfu moja kabla yake, Askofu Basil wa Kaisaria, mji ambao leo uko Uturuki, aliwahubiria matajiri kwamba mavazi waliyoyafungia masandukuni yalikuwa haki ya wasio na kitu cha kuvaa. Mmoja alikuwa akitetea haki ya kumiliki mali, mwingine akiwakemea wenye mali, lakini wote wawili walikutana pale pale: kuacha kitu kiharibike mikononi mwako huku mwenzako anakihitaji si sehemu ya haki ya kumiliki.

Bibi yangu hakumsoma Locke, wala hakuwa na kabati. Alikuwa na sanduku la bati na kamba iliyofungwa pembe mbili za chumba. Kwake kanga ilikuwa na safari inayojulikana. Ikiwa mpya, ilikuwa ya kutokea: harusini, msibani, kwa wakwe. Ikianza kupauka, ilikuwa ya kushinda nyumbani. Baadaye ilikuwa ya jikoni na ya kujitwisha kuni, kisha mbeleko ya kumbebea mjukuu, kisha ikapasuliwa ikawa winda za mtoto mchanga. Mwisho wake ilikuwa tambara la kushikia sufuria ya moto. Kufikia hapo hapakuwa na cha kutoa wala cha kutupa, kwa kuwa kanga ilikuwa imekwisha kweli. Si kwamba bibi alikuwa mchache wa vitu na kwa hiyo mwema; umaskini peke yake haumfanyi mtu mwema. Ninachokisifu ni kwamba kila nguo aliyokuwa nayo aliijua ilipofika na inapokwenda. Hapakuwa na nguo iliyosahauliwa.

Siku hizi wapo walimu wa kupanga nyumba. Anayejulikana zaidi ni Marie Kondo wa Japani, ambaye kitabu chake kilitoka kwao mwaka 2011 kikaenea duniani. Hufundisha kushika kila nguo mkononi na kujiuliza kama inakuletea furaha. Kama haikuletei, ishukuru uiache iende. Ni fundisho zuri, hasa hilo la kuishukuru nguo, ambalo bibi angelielewa. Lakini angalia kwamba swali linaulizwa moyo wa mwenye nguo peke yake. Nguo ikishatoka mlangoni, hadithi imekwisha. Mimi nadhani hapo ndipo hadithi inapoanza, na swali la pili linapotungoja.

Nimejifunza kulijibu kwa kutazama jambo moja tunalolifanya vizuri, nalo ni kugawa nguo za marehemu. Katika jamaa nyingi za kwetu, matanga yakiisha, au baada ya arobaini, nguo za aliyefariki hutolewa nje, huanikwa juani, kisha wazee huketi kuzigawa. Hazirundikwi kwenye gunia zikapelekwa popote. Husemwa: koti hili apewe mpwa wake aliyekuwa akimsindikiza hospitali, kofia hii ni ya rafiki aliyekuwa akicheza naye bao, shuka hizi apewe yule mama aliyemfulia alipokuwa hoi. Kila kipande kina jina, na kila jina lina sababu. Anayepokea haoni haya, kwa maana amepewa kwa sababu ya alivyokuwa kwa marehemu. Nguo inakuwa shahidi wa uhusiano.

Basi nikajiuliza: kwa nini hekima hii tunaiacha mpaka mtu afe? Kwa nini mtu aliye hai, mwenye macho na kumbukumbu, asiketi mbele ya kabati lake akagawa kwa majina?

Hapo ndipo ugumu unapojitokeza, na si haki kuuficha. Marehemu hana uwezo wa kudai shukrani. Aliye hai anao, na mara nyingi hudai. Namkumbuka binti mmoja aliyekuwa akifanya kazi za ndani katika nyumba ya majirani. Mama wa nyumba alimpa gauni zuri la bluu, naye akalivaa siku ya sikukuu. Mbele ya wageni, mtoto wa nyumba akasema kwa sauti, "Dada, hilo si gauni langu la zamani?" Wageni wakacheka kidogo, kisha wakaendelea kula pilau. Binti yule hakulivaa tena. Lilikuwa bado zima, halina hata uzi uliochomoka, lakini lilikuwa limemrudia mwenyewe bila kuvuliwa. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Gauni lile halikuwa la kuazima, lilikuwa la kupewa. Ila lilitolewa kwa namna ambayo ililifanya liendelee kuwa la kuazima.

Kwa sababu hii simshangai mtu anayeiacha nguo ya bure akaenda kununua mtumba. Sokoni hakuna anayejua shati lilitoka mgongoni mwa nani. Mnunuzi hupekua, huinua, hutazama kwapa na kola, hupunguza bei, na akitaka huondoka bila kumwomba mtu radhi. Wanyarwanda huziita nguo hizi caguwa, neno lililotokana na Kiswahili chetu: chagua. Ndani ya jina hilo mna heshima kubwa. Mwenye kununua amechagua. Mwenye kupewa, mara nyingi, amechaguliwa.

Kuhusu mitumba yenyewe mabishano ni marefu. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikusudia kuachana nayo ifikapo 2019, ili viwanda vya nguo vya hapa vipate kuinuka. Marekani ikatishia kuziondolea nafuu ya ushuru chini ya mpango wa AGOA. Kenya, Uganda na Tanzania zikalegeza. Rwanda ikashikilia ushuru wake mkubwa, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa nguo. Sitaki kuamua kesi hiyo hapa. Nataka tu kuonyesha kwamba kabati la mtu mmoja wa London au Chicago, anayedhani amefanya usafi wa nyumba yake, linaweza kufika hadi meza za marais.

Tena linafika na uchafu wake. Nguo iliyotolewa bure huko huuzwa kwa uzito, huchambuliwa, hufungwa marobota, huvuka bahari. Anayefungua robota amekwisha kulilipia kabla hajaona kilichomo. Katika soko la Gikomba, Nairobi, nguo duni kabisa, zilizochanika au zenye madoa, huitwa fagia, jina linajieleza. Kaskazini mwa Chile, katika jangwa la Atacama, zimerundikwa nguo zisizopata mnunuzi mpaka zikawa vilima. Nyingi ni za poliesta, nyuzi zinazotokana na mafuta ya petroli, ambazo haziozi kama pamba inavyooza. Kila moja ya nguo hizo ilikuwa na mtu aliyeitoa kabatini, na bila shaka wengi wao walilala usingizi mzuri usiku ule, wakiamini kuwa wametoa sadaka. Walichofanya ni kumhamishia maskini kazi ya kutupa.

Sasa naweza kusema ninachokiamini. Nguo huacha kuwa yangu kwa haki siku ninapojua moyoni kwamba sitaivaa tena. Lakini haiwi zawadi kwa kutoka mlangoni mwangu tu. Kati ya kabati langu na mgongo wa mwenzangu kuna kazi, na kazi hiyo ni yangu mimi ninayetoa.

Kwanza, niitoe ingali na uhai. Shati lililobakiwa na miaka mitatu ya kuvaliwa ni zawadi. Lililobakiwa na miezi mitatu ni tambara, na tambara lina heshima yake likiitwa tambara, likapasuliwa la kufutia vumbi nyumbani kwangu mwenyewe.

Pili, niifue, niipige pasi, nirudishie kifungo kilichodondoka. Fundi cherehani wa barazani anaweza kugeuza kola iliyolika, kushusha pindo, au kukata gauni la mama likawa la mtoto. Fedha nitakayomlipa ndiyo sehemu ya zawadi inayotoka kwangu kweli, kwa kuwa nguo yenyewe nilikwisha kuacha kuihitaji.

Tatu, na hili ndilo gumu, nimwache mwenzangu achague. Nimwambie faraghani, "Nina nguo kadhaa, tazama kama ipo itakayokufaa," kisha nikubali jibu la hapana bila kununa. Akiichukua, ni yake: aikate, aiuze, ampe mwingine, aisahau ilikotoka. Nikiiona barabarani nisiitambue. Anayetoa nguo na kubaki na jina lake juu yake hajatoa bado.

Sisemi mtu asibaki na kumbukumbu. Ipo kanga ya mama ambayo mwana huifungua mara moja kwa mwaka akanusa, akaikunja tena, na hakuna mwenye akili atakayemwambia haitumiki. Inatumika. Lakini kanga hiyo ni moja, na mwenyewe anajua ilipo. Tusilifanye jina la kumbukumbu kuwa pazia la kufunika uzembe wa kabati zima.

Tunapenda kusema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na wengi wetu tunaelewa kwamba hata maskini anaweza kutoa. Ni kweli. Lakini msemo huo unamgusa pia mwenye kabati lililojaa, kwamba wingi wa anavyovitoa si kitu kama moyo haukushiriki katika kuvitoa. Na moyo, katika jambo hili la nguo, huonekana katika mambo madogo: uzi na sindano, pasi ya moto, sauti ya chini, na macho yanayojua kutazama pembeni siku ya sikukuu, mwenzetu anapopita amependeza.