Thamani Isiyobisha Hodi

Nani ajuaye thamani ya nyumba: aliyeishi ndani yake, au aliyehesabu nyumba elfu pasipo kuingia hata moja? Zamani swali hili lingekuwa la barazani tu, la kupitishia jioni. Leo ni swali la fedha na la haki, kwani zipo programu za tarakilishi zinazotaja bei ya nyumba kwa kulinganisha kumbukumbu za mauzo, ukubwa wa kiwanja na mahali kilipo. Muuzaji huikuta bei imekwisha tajwa kabla hajafumbua kinywa, na mnunuzi huja nayo mkononi kama hukumu.

Kwamba hukumu hiyo hukosea, wenye mashine wenyewe wamekiri. Kampuni ya Zillow ya Marekani, iliyoanza kutoa makadirio ya namna hiyo mwaka 2006, ilijitosa baadaye kununua nyumba ili iziuze tena. Novemba 2021 ilitangaza kuiacha biashara hiyo, na kupunguza kiasi cha robo ya wafanyakazi wake, kwa kuwa ilishindwa kubashiri bei za miezi ya mbele na ilikwisha nunua nyumba nyingi kwa bei ya juu kuliko ile ambayo ingepata kwa kuziuza. Ikiwa hesabu hupotoka huko, ambako kumbukumbu za mauzo ni tele, itakuwaje Mbulu na Hanang, mkoani Manyara?

Huko sehemu kubwa ya ardhi ni ya vijiji. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, ardhi hiyo husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji, na aghalabu bei hubaki baina ya waliopatana na mashahidi wao. Mashine ingekula nini hapo? Ingelazimika kuazima bei za miji ya mbali na kuzivika nyumba isizozijua.

Nchi hiyo ina fundisho la kale katika jambo hili. Wairaqw wa Mbulu walikuwa wakijenga tembe zilizochimbwa ubavuni mwa kilima, zenye paa la udongo, hata atazamaye kwa mbali asione ila mteremko. Ndivyo walivyojikinga na wavamizi wa mifugo. Jicho la angani lingeipita nyumba kama hiyo, pamoja na watu wake na moto wake wa jikoni, likaandika: hapana kitu.

Na kuna lile ambalo kumbukumbu za jana haziwezi kulisema. Asubuhi ya tarehe 3 Disemba 2023, tope, mawe na magogo kutoka mlima Hanang yaliushukia mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafariki. Nyumba mbili za ukubwa mmoja na bati la namna moja zilitengwa na jambo moja tu: ipi ilikuwa katika njia ya maji. Wahenga walinena: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Lakini kuthamini kwa mbali hakukuanza na tarakilishi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, mashamba makubwa ya ngano yalianzishwa katika tambarare za Basotu, wilayani Hanang, na baadaye yakawa chini ya shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada. Kwenye hesabu za ngano, tambarare zilionekana tupu. Kwa wafugaji Wabarabaig zilikuwa malisho, njia za mifugo na makaburi ya wazee wao. Shauri lao lilifika mahakamani, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliwapa ushindi NAFCO. Hesabu ya ekari ilikuwa sahihi. Kilichokosewa ni kutouliza.

Atasema mtu: binadamu naye huongopa. Dalali hupandisha, ndugu husifu, mthamini huweza kuhongwa. Mashine haina shemeji. Ni kweli. Lakini binadamu huweza kuulizwa kwa nini. Huonyeshwa ufa ukutani na kisima uani, akabadili neno lake. Na akikosea, yuko wa kumshitakia. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 imemweka mthamini chini ya bodi. Bei ya haki, basi, ni ile ambayo mtoaji wake anaweza kuitolea sababu mbele ya mwenye nyumba.

Kwa hiyo muuzaji aliyepunjwa na tarakimu asinyamaze wala asitukane. Na aulize imetoka wapi, alete mthamini aliyesajiliwa, ataje nyumba za jirani zilizouzwa karibuni. Lakini mizani hii ina upande wa pili, nao ndio mgumu. Tarakimu ikikosea kwa kuzidisha, ni wangapi watakaomwambia mnunuzi kwamba maji ya masika hupita sebuleni? Ailaumuye mashine inapompunja, na kuinyamazia inapompendelea, hakutafuta haki, alitafuta faida. Mashine haikubisha hodi, ndiyo maana haijui. Yeye amelala humo masika yote, na anajua.