Muulize Amepasua Wangapi

Ndugu yangu unayejiandaa kupasuliwa shingo, nisikilize kabla hujatia sahihi ile fomu ya ridhaa!

Umepimwa damu, kalsiamu iko juu, na homoni ya tezi za parathairoidi nayo iko juu. Sasa umejua kwa nini mawe ya figo yalikuwa yakikurudia, kwa nini mifupa inauma, kwa nini unaamka umechoka. Tena umepewa habari njema: siku hizi si lazima shingo nzima ifunguliwe, mkato wa sentimita 2 au 3 unatosha, na pengine jioni ile ile utarudi nyumbani. Ukauliza kovu litakuwaje. Ukauliza gharama, ukauliza kama bima italipa. Swali moja likakukwama kooni: "Daktari, wagonjwa wa aina yangu umepasua wangapi?"

Muulize! Unamwogopea nini? Tumelelewa kusimama mbele ya koti jeupe tumekunja mikono, tukiitikia "sawa daktari" hata kwa tusiloelewa. Heshima ni jambo jema. Lakini shingo ni yako, na sauti itakayopotea neva yake ikijeruhiwa ni yako. Daktari mzoefu hakasiriki akiulizwa hesabu yake, huitaja. Anayekasirika, mshukuru kwa muda wake, uage.

Tezi za parathairoidi kwa kawaida ni nne, kila moja kama punje ya mchele, zimejificha nyuma ya tezi ya thairoidi. Ole wake anayedhani zinakaa mahali pamoja kwa watu wote! Mtoto akiwa bado tumboni mwa mama, tezi hizi husafiri. Nyingine hukwama juu shingoni, nyingine huteremka hadi kifuani. Na zikionekana, rangi yake inakaribiana mno na ya mafuta yanayozizunguka. Jicho lisilozizoea huzipita.

Mkumbuke nahodha Charles Martell, baharia wa Marekani. Ugonjwa huu ulimla mifupa hadi kimo chake kikapungua kwa sentimita 18 hivi. Kuanzia mwaka 1926 alipasuliwa shingo mara moja, mara ya pili, ya tatu, hadi ya sita, na kila mara uvimbe wa tezi haukupatikana. Inasimuliwa kwamba alijisomea vitabu vya anatomia mwenyewe, akawahimiza madaktari wakamtafute kifuani. Mwaka 1932, katika Hospitali ya Massachusetts General mjini Boston, Edward Churchill na Oliver Cope wakafungua kifua, na uvimbe ukawa humo! Lakini kabla ya hapo Cope alikuwa amekwenda chumba cha maiti, akachambua shingo moja baada ya nyingine, apate kuzijua tezi hizo kwa macho na vidole. Nahodha hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Figo zake zilikwisha kuharibika, na alifariki wiki chache baadaye, kufuatia upasuaji wa jiwe.

Utaniambia hayo ni ya kale, leo kuna picha. Kweli, kuna altrasaundi, kuna kipimo cha dawa yenye mionzi kinachoonyesha tezi iliyozidi. Vifanye. Ila picha nayo hunyamaza wakati mwingine, na wakati mwingine hudanganya. John Doppman, ambaye kazi yake yenyewe ilikuwa kusoma picha hizo huko Marekani, ndiye aliyewaambia wenzake kwamba kinachopaswa kutafutwa kwanza ni mpasuaji mzoefu. Mtu wa picha akisema hivyo, mimi nani nibishe?

Tena angalia kinachotokea mezani. Kwa wagonjwa 80 hadi 85 katika 100, tezi mbovu ni moja. Daktari anaitoa, kisha timu inasubiri. Homoni hii huisha upesi kwenye damu, hivyo dakika 10 baadaye damu inachukuliwa tena. Kiwango kikishuka zaidi ya nusu, kidonda kinafungwa. Na kisiposhuka? Hapo ndipo utajua uko mikononi mwa nani. Anayejua ule mkato mdogo tu amefika mwisho wa njia. Mzoefu anapanua, anavuka upande wa pili, anashuka chini, anaendelea kutafuta.

Wala usitulizwe na neno kwamba huyu amepasua rovu nyingi. Rovu ni kazi nyingine, ingawa shingo ni ile ile. Uliza la parathairoidi peke yake: mwaka jana ulipasua wangapi? Homoni inapimwa mgonjwa akiwa mezani? Wangapi kalsiamu yao iligoma kushuka? Wangapi walibaki na sauti ya mkwaruzo? Akisema ni mmoja au wawili kwa mwaka, mwombe akuandikie rufaa, hata kama ni kwenda mji mwingine. Uchungu wa nauli utakwisha. Shingo iliyokwisha kufunguliwa ikishindikana, ndani hujaa makovu, na wa pili atakuta kazi ngumu maradufu.

Wengi wenu muda mnao, ugonjwa huu huenda polepole. Ila kalsiamu ikiwa juu sana, ukatapika, ukachanganyikiwa, usingoje rufaa wala ushauri wa jirani. Kimbilia hospitali iliyo karibu!

Na ukishapasuliwa, midomo ikifa ganzi au vidole vikichomachoma, mpigie daktari upesi, huenda kalsiamu imeshuka mno. Miezi sita ikitimia, kapime tena, maana hapo ndipo uponyaji huthibitishwa. Majibu mpelekee aliyekupasua, yawe mazuri, yawe mabaya. Mgonjwa mwingine atakuja kumuuliza hesabu yake, na wewe umo katika hesabu hiyo.