Mgeni Aliyeuliza Habari za Mji



Injili ya Dominika hii ni ile ya Luka sura ya 24, ya wanafunzi wawili wanaotoka Yerusalemu kwenda Emau. Mwendo wao ni wa kilomita kama 11, karibu sawa na kutoka Posta mpaka uwanja wa ndege hapa Dar es Salaam, na njia nzima wanazungumza habari za mjini: Yesu, mtu waliyemtumainia, amekamatwa, wakubwa wamemhukumu, ameuawa msalabani. Hapo anawafikia mtu mmoja, anaongozana nao na kuwauliza wanazungumza nini. Mmoja wao, Kleopa, anasimama kwa mshangao. Anamwona kuwa ni mgeni, tena mgeni wa ajabu, maana mji mzima umejaa habari hizo na yeye hajasikia lolote. Mgeni hakati tamaa. Anauliza tena: mambo gani? Ndipo wanamsimulia kila kitu, yeye ambaye mambo hayo yote yalimpata mwilini mwake.

Nimelitafakari swali hilo wiki nzima. Wale wawili hawakukosa taarifa. Walijua nani alitoa hukumu, walijua hata kwamba alfajiri akina mama walikuta kaburi tupu. Na bado walikuwa wanaondoka mjini wamevunjika moyo. Aliyewafumbua macho ni yule waliyemdhania kuwa hajui kitu, kwa sababu aliuliza, akasikiliza, kisha akaingia nao ndani na kuketi mezani. Leo nataka tulione jambo hilo katika maisha ya mgeni mmoja wa nyakati zetu.

Padre Alex Zanotelli alizaliwa mwaka 1938 katika kijiji cha Livo, mkoa wa Trento, kaskazini mwa Italia, akawa mmisionari wa Shirika la Wakomboni. Utume wake wa kwanza ulikuwa Sudan. Serikali ya huko ilimfukuza kwa kuwa alisimama upande wa watu wa Nuba. Aliporudi kwao alikabidhiwa uhariri wa Nigrizia, jarida la Wakomboni linaloandika habari za Afrika. Januari 1985, Ethiopia ikiwa katika njaa kubwa na Ulaya nzima ikichanga michango, aliandika tahariri iliyowataja wakubwa wa siasa wa nchi yake mwenyewe na kuwashutumu kwamba wanaigeuza njaa ya Afrika kuwa biashara. Aliandika pia juu ya silaha ambazo viwanda vya Italia viliziuza huku na huko bila wananchi kuambiwa zinakwenda wapi. Maneno hayo yalimgharimu. Mwaka 1987 aliondoka kwenye uhariri kwa shinikizo. Lakini mbegu ilikuwa imeota: mwaka 1990 Bunge la Italia lilipitisha sheria namba 185, inayoilazimisha serikali kutoa taarifa bungeni kila mwaka juu ya silaha zinazouzwa nje, na kukataza kuziuza kwa nchi zilizo vitani.

Silaha nimezitaja makusudi, kwa sababu sisi wa Gongo la Mboto tuna haki ya kuzizungumzia. Usiku wa Jumatano, 16 Februari 2011, ghala la silaha la jeshi lililokuwa katikati ya makazi yetu lililipuka. Waliokuwepo hawahitaji kusimuliwa. Mbingu iliwaka, vyuma vikaangukia mapaa ya watu, na barabara ya Pugu ikajaa akina mama wanaokimbia na kanga moja, huyu na mtoto mgongoni, yule akiita jina la mtoto asiyemwona. Uwanja wa ndege ulifungwa kwa muda. Maelfu walilala Uwanja wa Uhuru. Watu zaidi ya 20 walifariki, na ilikuwa haijatimia miaka miwili tangu mabomu yalipolipuka Mbagala, 29 Aprili 2009. Ninapomsoma padre aliyeacha kazi yake kwa kuuliza silaha zinatoka wapi na zinakwenda wapi, nawaona jirani zetu wa Ulongoni na Majohe ndani ya swali lake, ingawa yeye aliliuliza miaka mingi kabla ya usiku ule.

Baada ya Nigrizia angeweza kutulia kwao na kuandika vitabu. Alikuja Nairobi, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 akaishi katika mtaa wa mabanda wa Korogocho kwa zaidi ya miaka kumi, ndani ya kibanda kama majirani zake. Wanaoifahamu Nairobi wanajua Korogocho iko wapi: mashariki mwa jiji, kando ya dampo la Dandora, mahali malori yanapomwaga taka za jiji zima tangu miaka ya 1970. Usiku alitembelea wagonjwa wa UKIMWI, enzi zile ambazo dawa hazikuwafikia maskini, akasali nao pamoja na jumuiya ndogondogo, wakilisoma Neno kwa mwanga wa taa ya mafuta. Akina mama waliotaka kuondokana na kuuza pombe na kuuza miili yao walianzisha ushirika wa kazi za mikono unaoitwa Bega kwa Bega. Waokota taka wa dampo nao wakajiunga katika ushirika wa kukusanya na kuuza taka zinazoweza kutumika tena.

Barua alizowaandikia rafiki zake wa Italia kutoka pale zilikuwa habari za jiji. Aliwaeleza kwamba zaidi ya nusu ya watu wa Nairobi wamebanwa kwenye sehemu ndogo mno ya ardhi ya mji, wakilipa kodi kwa vibanda visivyo na choo. Barua za namna hiyo ziko nyingi duniani, na nyingi kati ya hizo zinanihuzunisha. Mtu anapita na gari vioo vikiwa vimefungwa, anapiga picha za watoto wasio na viatu, anarudi kwao kusimulia jinsi tulivyo maskini na jinsi tunavyocheka pamoja na hayo. Padre Zanotelli alikaa mpaka akawajua watu kwa majina na kuwazika kwa majina. Na kila alipoeleza ubaya wa Korogocho aliwauliza Waitalia wenzake wao wanahusikaje: benki zao, viwanda vyao, deni ambalo nchi yao inaidai Kenya. Kwangu hicho ndicho kipimo cha mgeni wa kweli. Anaporipoti shida ya mwenyeji wake, anaanza kwa kuwakemea watu wa kwao.

Swali la deni lilizaa matunda. Wakazi wa mitaa ya mabanda ya Nairobi, parokia zao na marafiki wa Italia walidai deni hilo lifutwe na fedha zirudi kwa wananchi. Mwaka 2006 serikali za Italia na Kenya zilisaini makubaliano ya kugeuza deni la euro milioni 44 hivi kuwa miradi ya maendeleo nchini Kenya, na Korogocho ikawekwa kwenye mpango wa kuboresha makazi. Miradi ya namna hiyo ina mapungufu yake, na watu wa Korogocho wanayaeleza vizuri kuliko mimi. Lakini deni la nchi kwa nchi lilishuka mpaka kwenye mtaa wa watu wasiojulikana, na lilishuka kwa sababu watu waliuliza.

Kuna jambo jingine kutoka Korogocho ambalo sitaki lipite. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, kwa kushirikiana na Parokia ya Mtakatifu Yohane ya Korogocho, lilitoa matokeo ya utafiti juu ya watoto wanaoishi na kusoma karibu na dampo la Dandora. Walipimwa watoto 328. Nusu yao walikutwa na madini ya risasi kwenye damu kwa kiwango cha hatari. Parokia, ndugu zangu. Utafiti wa damu za watoto ulipita mikononi mwa parokia, kwa kuwa waumini walikuwa wamezoea kuuliza kwa nini watoto wao wanakohoa.

Na sisi tuna dampo letu, Pugu Kinyamwezi. Malori ya taka ya Dar es Salaam yanatupita kila siku yakidondosha maji meusi barabarani, na tunafunika pua na kuendelea na maongezi. Nilikwenda kule juzi kumpelekea mgonjwa komunyo. Karibu na njia niliwakuta mama na binti yake wakipanga chupa za plastiki kwenye viroba, zile safi upande huu, zile za mafuta upande ule, kwa sababu mnunuzi anazipima kwa kilo na chupa chafu anaishusha bei. Binti alikuwa amevaa sketi ya shule. Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya kazi. Nilimsalimia mama, tukaulizana hali, akanieleza kwamba moshi ukiwa mwingi hawalali. Mwanangu yeyote anayesoma tafakari hii akiwa Kitunda au Ukonga ajue kwamba moshi huo unatokana na taka tulizozitoa sisi mlangoni kwetu.

Asubuhi hiyo hiyo, nikiwa bado kituoni Gongo la Mboto, nilimwona mwanafunzi wa darasa la tatu au la nne amesimama na begi kifuani. Daladala ya kwanza ilisimama, konda akamweka mkono begani na kumsogeza pembeni, watu wazima wakapanda. Ya pili vilevile. Konda anajua nauli ya mwanafunzi ni ndogo, na ana hesabu ya tajiri kichwani. Sote tuliokuwa pale tulikuwa na macho. Tulikuwa tukizungumzia barabara ya mwendokasi, wengine wakilalamikia foleni, na mtoto yuko katikati yetu. Ningependa sana kwamba angetokea mtu asiyeijua Dar es Salaam akauliza kwa sauti: huyu mtoto kwa nini hapandi? Nina hakika tungeona aibu, na aibu hiyo ingekuwa neema.

Mgeni mwingine wa namna ya Padre Zanotelli ni Annalena Tonelli, mwanamke mlei kutoka Forlì, Italia, aliyefika Kenya mwaka 1969 na baadaye kuishi Wajir akiwahudumia wagonjwa wa kifua kikuu, karibu wote wakiwa Waislamu na wahamaji. Februari 1984 wanaume wengi wa huko walikusanywa na vikosi vya serikali kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla na kuuawa. Wengine walikaa kimya kwa hofu. Yeye alikwenda kuokota majeruhi na maiti, na habari zikafika nje kwa msaada wake. Alifukuzwa nchini kwa ajili hiyo, akahamia Somalia, na tarehe 5 Oktoba 2003 alipigwa risasi Borama, kwenye hospitali aliyoijenga kwa ajili ya wagonjwa wake. Hakutaka kujulikana. Ninamtaja kwa sababu wapo wanaodhani kusema habari za mji ni kazi ya waandishi wa habari na wanasiasa, na kazi ya Kanisa ni kusali tu. Yeye alisali kwa saa nyingi kila siku, na ndiyo maana hakuweza kunyamaza.

Huenda mmoja wenu anajiuliza kwa nini padre anatuletea Waitalia wakati tuna watakatifu wetu. Ni kwa sababu Gongo la Mboto karibu sote ni wageni. Huyu katoka Kigoma, yule Masasi, mwingine Musoma, na wenyeji wa asili wa huku, Wazaramo, wametupokea mpaka tumesahau kwamba tulipokelewa. Tumekaa mpaka tumezoea, na mazoea yametufumba macho. Tena leo vijana wetu ndio wageni kwingine: binti aliyekwenda Muscat kufanya kazi za ndani, kijana aliye kwenye meli, mapadre wetu wanaohudumia parokia za Italia ambako mapadre vijana wamepungua. Wao sasa ndio wanaoona ya kule ambayo wenyeji wameyazoea: wazee wanaokaa peke yao ghorofani, Waafrika wanaovuna nyanya mashambani kwa malipo duni. Tunapozungumza nao kwa simu tuwaulize wanaona nini, pamoja na kuwauliza watatuma pesa lini.

Jumuiya zetu ndogondogo zitakapokutana Jumamosi hii, naomba baada ya kusoma Injili kila mmoja aulizwe swali lile la njiani: mambo gani yametokea mtaani kwetu? Asijibu mwenyekiti peke yake. Aulizwe mpangaji mpya aliyehamia mwezi huu, aulizwe fundi, aulizwe mtoto wa kipaimara. Jumuiya zilizo karibu na dampo ziandike ni kaya ngapi zina mtoto mwenye kikohozi kisichoisha, na zile za karibu na kituo ziandike ni watoto wangapi wanafika shule wamechelewa kwa kuachwa na magari. Katibu wa kila jumuiya aniletee karatasi hiyo Dominika ijayo baada ya Misa ya kwanza. Jumatatu nitaipeleka kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na ninahitaji watu wanne wa kuongozana nami, wawili wakiwa akina mama. Majirani zetu Waislamu wenye watoto wenye shida hiyo hiyo waalikwe mapema, kabla karatasi haijaandikwa.