Stika ya i7 na Mwaka Wake

Kwenye maduka ya kompyuta za mtumba mjini Unguja, stika ndogo iliyoandikwa "i7" huuza kuliko mdomo wa muuzaji. Kijana anayetafuta mashine ya gemu akishaiona, maswali huisha. Na mzazi anayetoa pesa huridhika. Kwani saba si kubwa kuliko tatu?

Si kila mara. Core i7-2600 ilitoka Januari 2011 ikiwa na viini vinne. Januari 2022 Intel ikaleta Core i3-12100, nayo ina viini vinne, ila kila kimoja kinafanya kazi kubwa zaidi kwa muda ule ule. Huyo "mdogo" anamwacha mbali "mkubwa" wa 2011, na hata i7-4790 ya mwaka 2014 haimfikii. Kinachosema kweli ni tarakimu zinazofuata kistari: 2600 ni kizazi cha pili, 4790 cha nne, 12100 cha kumi na mbili. Muuzaji anayekwepa kuzitaja ana sababu zake.

Hata hivyo, kipya kinyemi ingawa kidonda, na wapo wanaojibana miezi mizima ili wapate prosesa ya mwaka huu kwa ajili ya gemu ya zamani. GTA V ilifika kwenye kompyuta mwaka 2015, na prosesa ya chini iliyotajwa kuiendesha ilikuwa Core 2 Quad Q6600 ya mwaka 2007. Anayeshinda na gemu za umri huo, pesa yake aielekeze kwenye kadi ya picha.

Hapo nako pana mtego. Fungua Dell OptiPlex 9020 ya mnara, kompyuta ya ofisini ya kizazi cha nne. Utakuta pawa saplai ya wati 290, ambayo kwa kawaida haina waya wa ziada wa kulisha kadi kubwa. Mashine kama hiyo inataka kadi inayotosheka na wati 75 za kwenye sloti, mfano GTX 1650. Tazama na feni: vumbi limejaa kwenye mapezi ya kipozeo, na ile pesti ya kati ya kipozeo na prosesa imekauka. Katika joto la Mji Mkongwe, prosesa ikizidi kuchemka hujipunguzia kasi yenyewe, na gemu huanza kukwama. Mtu hulaumu prosesa, kumbe dawa ni brashi na pesti mpya.

Uzee nao una mpaka. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa upande wa Intel, Windows 11 inataka rasmi kizazi cha nane au zaidi. Gemu za mtandaoni nazo zimeanza kubana: Valorant kwenye Windows 11 haifunguki bila moduli ya usalama ya TPM 2.0. Na kompyuta ya nyumbani Unguja mara nyingi ni ya wote. Mchana dada anaandika kazi ya chuo, jioni wadogo wanafanya ya skuli, usiku ndipo kaka anapocheza. Mashine isiyopata tena masasisho ya usalama inawaweka wote hatarini kwa ajili ya starehe ya mmoja.

Kwa mfuko wa kawaida, basi, Core i5-8500 ya mwaka 2018 ni chaguo la busara: viini sita, wati 65, wakati i7-4790 inataka wati 84 kwa viini vinne. Anayenunua umeme wa Tukuza, ule wa kulipia kabla, hapuuzi tofauti hiyo. Fakhari ya kuwatajia wenzako "i7" haiongezi kasi.

Kabla hujatoa pesa, mwambie muuzaji aiwashe, soma namba yote ya prosesa kwenye skrini, kisha gemu unayoitaka ichezwe nusu saa pale pale dukani. Akikataa, nenda duka la pili.