Lau India Isingaliingia

Neno "lau" ni jepesi ulimini, walakini ni zito mizanini. Yuko mtu asemaye "lau" ili ajue alipokosa asirudie tena, na huyo amefanya jambo la akili. Na yuko mwingine asemaye "lau" ili amtwike mwenziwe mzigo wa makosa yake mwenyewe, na huyo haidanganyi ila nafsi yake. Twataka kuzipima "lau" hizi mbili kwa mfano wa Pakistani, dola iliyoundwa tarehe 14 Agosti 1947 kwa jina la umoja wa Waislamu, ikapasuka mwaka 1971 kwa damu ya Waislamu.

Wako wasemao: "Lau India isingaliingia vitani mnamo Desemba 1971, Pakistani ingalibaki moja." Haya, na tuwakubalie. Tuiondoe India katika hisabu, kisha tutazame vita vile vya mashariki na magharibi vingalifika wapi.

Pande mbili zile zilitengana kwa kadiri ya maili elfu moja, na baina yao ni ardhi ya India. Tangu Februari 1971 ndege za Pakistani zilikatazwa kupita juu ya ardhi hiyo, zikawa zazunguka kwa kisiwa cha Ceylon, kiitwacho leo Sri Lanka. Basi askari na risasi zingalizidi kupelekwa kwa njia ndefu mno, na kwa ajili ya kupigana na nani? Na watu wa mashariki, waliokuwa zaidi ya nusu ya raia wote wa dola! Na miongoni mwao wamo askari wa Kibengali walioasi mwezi wa Machi, miezi mingi kabla India haijaingia waziwazi. Vita hivyo vingalirefuka, na mashamba ya mpunga yangalikosa wakulima, na mayatima wangaliongezeka pande zote mbili.

Na tuseme jeshi lingalishinda. Lingalishinda nini? Lingalipata ardhi, lisipate nyoyo. Mwenye kuwatawala walio wengi kwa bunduki hana umoja; ana mateka.

Huenda msomaji akauliza: "Je, dola iachwe ivunjwe na kila mwenye kuasi?" La, hatusemi hivyo. Uasi una maovu yake, na katika fitina ile Waislamu wasemao Kiurdu waliokaa mashariki waliuawa pasi na hatia. Dhuluma haigeuki kuwa haki kwa kutendwa na aliyedhulumiwa. Lakini yatupasa kuuliza ni lipi lililotangulia.

Hapa ndipo inapokuja "lau" ya pili. Lau watu wa Dacca wasingaliambiwa, mwezi wa Machi 1948, kwamba Kiurdu peke yake ndicho kitakachokuwa lugha ya dola! Lau wanafunzi wasingalipigwa risasi tarehe 21 Februari 1952 kwa kuitetea lugha ya mama zao! Na lau uchaguzi ulioanza Desemba 1970 ungaliheshimiwa! Chama cha Awami League kilipata viti 160 kati ya 300. Baraza lilikuwa likutane tarehe 3 Machi 1971. Tarehe 1 Machi likaahirishwa. Na usiku wa tarehe 25 jeshi likaelekezwa juu ya mji wa Dacca. Watu wapatao milioni kumi wakakimbilia India.

Hatudai kujua ghaibu. Yamkini baraza lile lingalikutana na watu wasipatane, hata wakaachana. Lakini ndugu wakiachana kwa maneno, huweza kurudiana kwa maneno. Na walioachana kwa kuuana, ni nani atakayewafufua waliokufa ili wasameheane?

Basi "lau" ya kwanza yatufundisha kumlaumu jirani, na ya pili yatufundisha kujihesabu. Ni kweli jirani aliingia, walakini aliupita mlango tuliouvunja wenyewe. Wala udugu wa dini si hoja ya kumnyima ndugu haki yake. Bali huzidisha uzito wa haki hiyo.

Nawe, ewe msomaji, ukiona nyumba yako au jamaa yako yagawanyika, usianze kuuliza ni nani aliyeingia kati. Anza kuuliza ni haki gani iliyozuiliwa. Mwenyezi Mungu atujaalie insafu kabla ya majuto. Amin.